Veranda Nne za Dada

Milimani, 12 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umekaa kwenye veranda yako, miguu juu ya kigoda, bahari imesimama mbele yako kama mtumishi anayesubiri kuagizwa. Sisi huku tu wazima kwa kiasi tunachoruhusiwa. Mwanangu amehamishiwa ofisi ya chini kabisa, karibu na choo, na anasema ni kupandishwa cheo. Sikubishana naye. Mke wake ameng'olewa jino na kwa siku tatu nyumba ilikuwa na amani ya ajabu. Mjukuu ameanza kutembea na kila asubuhi anagonga kichwa kwenye meza yangu ya useremala. Meza haijalegea hata kidogo.

Mkwe wangu huyo huyo ananiuliza kwa nini mimi na wewe hatupigiani simu kama watu wengine. Nimemwambia kwamba kwenye simu dada yangu hamwachi mtu amalize sentensi.

Sasa neno lenyewe. Ni kifua. Daktari wetu mpya, kijana mwenye viatu vizuri, aliusikiliza mgongo wangu kama mtu anayesikiliza majirani kupitia ukutani, kisha akavua vile vidude masikioni. Akasema, "Mzee, kipupwe kilichopita ulilazwa mara mbili. Ukungu huu haukufai. Kijacho ukikikuta hapa, mimi sikuahidi kitu." Nikamuuliza niende wapi basi. Akasema, "Pwani. Huna ndugu pwani?" Dada, nilijivuna. Nikamwambia ninaye dada mwenye nyumba inayoangalia bahari.

Mkwe wangu ameleta kutoka kazini kwao karatasi ya matangazo ya mji wako. "Jua mwaka mzima. Upepo mwanana. Majira yasiyochosha." Kuna picha ya hoteli nyeupe, na mwavuli, na mwanamke anayecheka peke yake.

Nakuomba unipokee. Sihitaji makubwa, kona ya kuweka kitanda inatosha. Ningependa kufika mwezi wa tano, kabla ukungu haujashuka, na mwezi wa tisa nirudi kwangu.

Mdogo wako


Pwani, 9 Februari

Mdogo wangu Pimamaji,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa. Hapa kila kitu hufika kimelowa, hata habari njema. Bado nakuita kwa jina walilokupa wanafunzi wako wa useremala, kwa sababu hujawahi kuona rafu ya mtu mwingine ukakubali kwamba imenyooka. Mpe pole mwanao kwa cheo chake. Mimi sijambo, isipokuwa mguu wa kushoto, ambao una maoni yake kuhusu ngazi. Jirani yangu, mpishi mstaafu, ameacha sigara na sasa ana ugomvi na dunia nzima kuanzia asubuhi.

Hiyo karatasi ya matangazo naijua. Picha ilipigwa asubuhi moja ya mwezi wa saba, zamani, na tangu siku hiyo mji mzima unahangaika kufanana na picha. Yule mwanamke anayecheka alikuwa anafanya kazi benki, na kama angeishi hapa hadi mwezi wa pili ningependa kuona anachekea nini.

Jua mwaka mzima! Jua lipo, ndiyo, kama meneja wa hoteli alivyopo: linapatikana kwa wageni tu. Sisi wengine tuna mvuke. Kuanzia mwezi wa kumi na moja joto halishuki kutoka juu kama unavyodhani, linapanda kutoka ardhini, kama mtu amefunua sufuria. Asubuhi unaamka umechoka. Mchana mawingu yanajikusanya juu ya gati bila haraka, kama wazee wanaokwenda kwenye kikao, kisha yanamwaga yote kwa pamoja, na yakimaliza hakuna kilichopoa. Umelowa mvua, unalowa jasho, na taulo unalojifutia limelowa kabla yako. Viatu ukiviacha chini ya kitanda vinaota manyoya ya kijani. Chumvi haimwagiki. Kiberiti unakipiga mpaka unakiomba radhi. Vitabu vyangu (ni vile vilivyosahauliwa na wageni, vingi havina kurasa za mwisho, kwa hiyo nimesoma sana lakini sijui nani aliolewa na nani) vimevimba hadi ukivuta kimoja kinatoka na majirani zake wawili. Nilisimamia stoo ya mashuka ya hoteli ile nyeupe tangu nikiwa na meno yangu yote, nakwambia kwa uhakika: shuka ukilianika hapa mwezi wa pili, jioni unalianua likiwa na maji mengi kuliko ulipolianika.

Halafu dhoruba. Bahari inavuka barabara kuja kutazama maduka. Mitende ya mapambo inalala kifudifudi. Kwenye ukumbi wa mapokezi kuna ubao, na meneja, tunamwita Tabasamu, huandika hapo hali ya hewa kila asubuhi. Maisha yangu yote sijaona neno "mvua" kwenye ubao ule. Mvua anaiita "burudiko fupi". Dhoruba iliyoondoka na paa la baa aliiita "upepo wa kusisimua". Mgeni mmoja aliyepotea njia akaja msimu huu alisimama mapokezi, maji magotini, akauliza:

"Samahani, hili burudiko linaisha lini?"

"Bwana," akasema Tabasamu, "wenzako wanaondoka bila kuliona."

Hewa ya bahari kwa kifua, anasema kijana wako wa viatu. Wiki mbili, kwenye kiti cha turubai, haya. Ukiishi nayo inaishi nawe. Kuvu iko kwenye dari, imo ndani ya godoro, na ikikosa pa kwenda itaingia kwenye mapafu yako, na hayo, kwa maelezo yako mwenyewe, mlango wake haufungiki.

Nakuandikia nikiwa verandani. Gati liko kushoto kwangu lakini silioni kwa mvua. Mitende iko chini kabisa, inapigwa. Ukungu wa nyumbani naukumbuka, ulikuwa unaingia ndani bila hodi na kukaa kama shangazi. Lakini angalau ulikuwa baridi, na mtu aliweza kujifunika.

Usije, mdogo wangu. Tafuta mahali pakavu.

Dada yako


Milimani, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Mjukuu amepata meno mawili na ameyajaribu kwenye mkono wangu. Mwanangu anaendelea na ofisi yake ya karibu na choo, sasa ana ufunguo wa choo chenyewe. Tangu mke wangu afariki nyumba hii ya baba imekuwa kubwa kwa mtu mmoja na ndogo kwa watu wanne, sijui hesabu hiyo inakwendaje.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka hadi nikakohoa, mara ya pili nikakohoa bila kucheka. Umeutukana mwezi wa pili vizuri sana. Mimi nilikuomba mwezi wa tano. Nimekuuliza habari za Jumapili, umenijibu za Ijumaa.

Kila mtu anajua, hata karatasi ile ya uongo, kwamba kuanzia mwezi wa tano huko kwenu mvua inakatika, hewa inakauka, mchana unakuwa wa kupendeza na jioni inataka sweta. Ndiyo maana wageni wanakuja. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo huku ukungu unashuka na kukaa, nguo hazikauki, na mimi nalala nimekaa kwa sababu nikilala chali naona kama mtu amenikalia. Miezi yako mizuri ndiyo miezi yangu mibaya. Ningekuwa fundi wa dunia nisingeweza kupanga vizuri zaidi.

Na jambo jingine. Umeniambia nisije. Hukuniambia huna nafasi. Umenijazia kurasa nne za mvua, dada, na ndani yake nimetafuta sentensi moja tu inayoanza na "kwangu" sikuiona.

Ulipoondoka mwaka ule wa vurugu, wewe na shemeji, mimi nilikuwa na kaptula moja. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka darajani. Ulipiga kelele kwamba ukipata nyumba nitakuja kuona bahari. Sikudai bahari miaka yote hii. Sasa naidai, na si kwa ajili ya kuitazama.

Mwezi wa tano mpaka wa nane. Nijibu hilo.

Mdogo wako


Pwani, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, mguu ulinishika, na posta hapa hufanya kazi wanapojisikia. Jirani mpishi amerudia sigara na sote tumeshukuru. Nimefurahi kusikia habari za meno.

Mwezi wa tano hautawezekana. Nyumba itakuwa mikononi mwa mafundi. Wanabadilisha madirisha yote, na unajua mafundi: watatoa yaliyopo siku ya kwanza na kuleta mengine siku ya kiama. Vumbi litakuwa jingi. Kwa kifua chako ni hatari kuliko ukungu.

Usijidanganye pia kuhusu kipupwe cha hapa. Ni cha maonyesho. Mchana jua linatoka limechanwa nywele, anga imepigwa pasi, na wageni wanalala mchangani kama nguo zilizoanikwa, mara kwa mara mmoja anageuzwa upande na mkewe. Wanalipongeza jua kana kwamba ni mtoto aliyesoma shairi bila kukosea. Jioni jua linafunga kazi mapema, upepo wa baharini unaingia mifupani, na wote wanakimbilia ndani wakisema hali ya hewa ni ya ajabu. Sijui kwa nini mtu akae maisha yake yote akifanya kazi ili aje kuiambia hewa kwamba ni hewa.

Nenda kwa binamu yetu wa bondeni. Kule kuna ukavu, na ana vyumba ambavyo hajui avifanyie nini.

Wasalimie wote.

Dada yako


Wodini, 15 Mei

Dada,

Shikamoo. Mwandiko ukiona umepinda ni kitanda, kimelegea upande wa kulia na hakuna anayekubali kwamba kimelegea. Mwanangu huja asubuhi, mkwe jioni, mjukuu haruhusiwi kwa sababu aling'ata kidole cha mwuguzi.

Ukungu umeshuka mapema mwaka huu. Uliingia usiku wa Jumanne, na kufikia Alhamisi nilikuwa hapa. Daktari haniambii tena "sikuahidi". Ananiambia nikitoka wodini nisirudi nyumbani, niende moja kwa moja kituo cha basi. Binamu wa bondeni amejibu. Vile vyumba vyake amewapangisha watu wa barabara mpya, na anatutakia kila la heri.

Sasa nataka nikuambie kitu nilichofanya. Usikasirike mpaka nimalize.

Unajua nimefundisha useremala na kuchora majengo maisha yangu yote. Tangu nistaafu, barua zako zikija, nakaa mezani na penseli kuchora nyumba yako. Ilikuwa starehe yangu. Nilitaka siku nikifika nijue mlango uko wapi bila kuuliza. Mwaka juzi uliandika kwamba ukikaa verandani gati liko kulia. Mwaka huu liko kushoto. Barua ya Desemba moja unasema unaweza kunyoosha mkono ukashika majani ya mitende, mwezi wa pili mitende iko chini kabisa. Kuna veranda inayoangalia mnara wa taa na nyingine inayoangalia bwawa la kuogelea, na hukuwahi kuniambia una bwawa, na wewe si mtu wa kuwa na bwawa ukanyamaza. Nimechora, nimefuta, nimechora tena. Nimepata nyumba yenye veranda nne, ghorofa inayopanda na kushuka, na gati linalohama. Nyumba ya namna hiyo, dada, ni hoteli.

Nilidhani labda ni uzee wangu. Nikazitoa barua zako zote kwenye sanduku. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, kila mwaka, huna veranda. Huna hata dirisha. Hutaji mvua, hutaji jua la mahali ulipokaa, unaandika habari za mpishi na za wageni tu. Miezi ambayo mji wako wote unajisifia jua, wewe peke yako huna jua.

Na hao mafundi wa madirisha. Mimi ni seremala. Wewe ni mtu wa kuniandikia kwamba madirisha yanabadilishwa bila kutaja mbao gani na nani amekuibia?

Sikuwahi kukuomba veranda. Niambie unalala wapi miezi hii. Kama hakuna nafasi ya mtu wa pili, andika "hakuna nafasi", maneno mawili, nami nitayaamini na sitakuuliza tena. Lakini usiniletee hali ya hewa. Hali ya hewa ninayo hapa, imenikalia kifuani.

Mdogo wako


Pwani, 24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole, na usiwe na haraka ya kujisifu.

Nani alikutuma kuchora? Watu wengine wanaandikiwa barua na ndugu zao wanazisoma, wanazikunja, wanaziweka. Wewe unazipima kwa rula. Nilijua mtu wa kwanza kunishika atakuwa wewe, nikadhani tu utanishika ukiwa umechelewa, kama ulivyozoea.

Haya. Ni hoteli. Ni ile nyeupe ya kwenye karatasi. Nyumba tuliyokuwa tumepanga na shemeji yako ilibomolewa zamani ikajengwa uwanja wa tenisi, na nilikuandikia habari za ule uwanja ukasema hongera. Nilipostaafu stoo ya mashuka, Tabasamu aliniita. Unajua msimu wa mvua hoteli inabaki tupu. Chumba kisipolaliwa hapa kinaoza: kuvu inashuka kutoka darini, godoro linanuka, bomba linakauka koo. Kwa hiyo kuna sisi wastaafu wachache, mimi, mpishi na mzee mmoja wa bustani, ambao kazi yetu ni kulalia vyumba. Unalala chumba hiki wiki moja, unafungua madirisha, unafungulia maji, unakaa kitandani, unakaa kila kiti, unavuta pumzi humo kama mtu aliyelipa. Wiki ikiisha unabeba kanga zako na kitabu chako unahamia chumba cha pili. Ghorofa kwa ghorofa, upande kwa upande, mpaka mvua zikatike. Kila veranda niliyokuandikia ilikuwepo, na mimi nilikuwa nimeikalia. Nilikunyima tu habari ya kuhama.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mvua zinakatika, mashuka mazuri yanatoka kabatini, na sisi tunatoka kwa mlango wa nyuma pamoja na ndoo. Miezi ya wageni nalala uani, katika kijumba kilichobanwa ukutani kwa mashine za kukaushia nguo. Hakina dirisha. Ulikuwa sahihi, na ukiniandikia kwamba ulikuwa sahihi nitachana barua bila kuimaliza. Ukuta mmoja una moto tangu asubuhi hadi mashine zinapozimwa. Kelele ni za kinu. Ukitaka bahari unapita kati ya mapipa ya taka, unageuka kwenye matanki ya gesi, na unaiona kipande, kati ya kuta mbili, kama taulo limeanikwa mbali.

Ulitaka nikukaribishe humo? Mtu aliyekimbia nyuma ya lori mpaka darajani, nimfungulie mlango wa kijumba cha mashine? Ningekwambia nini, karibu, hapa ndipo nilipofika?

Barua yako ilikuja mchana. Nilikaa kitandani nimekasirika kiasi kwamba sikuwa na cha kufanya ila kutazama ukuta. Na kwa kuwa siku zote ukuta ule nautukana, sikuwa nimewahi kuutazama. Hauna doa. Dari haina doa. Nilikuwa nimetundika kanga mbichi kwenye msumari kabla ya kusoma, na nilipomaliza kusoma mara ya pili ilikuwa imekauka kama kadi. Pimamaji, mji huu una mahoteli kumi na tatu, majumba ya matajiri, hospitali yenye chemchemi mbele, na nakuapia hakuna chumba humo kinachokauka kama hiki. Wanalipa kulala kwenye veranda zinazowalowesha, na nyuma yao, ukutani kwa mashine, mwanamke mzee amelala mahali pakavu kuliko pote akilia kwamba ameonewa.

Nikaenda kwa Tabasamu. Alikuwa kwenye ubao wake, anaandika "anga ya lulu". Maana yake ni mawingu.

"Mdogo wangu anakuja kukaa nami uani hadi mwezi wa tisa," nikasema.

"Ni mgeni au mfanyakazi?"

"Ni mgonjwa."

"Bi Shuka, hoteli hii haina wagonjwa."

"Basi andika hapo kwamba ni mtu wa mapumziko marefu. Maneno si unayo?"

Akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Akauliza unafanya kazi gani. Nikasema seremala. Macho yake yakang'aa, maana milango ya ghorofa ya pili imevimba kwa mvua na wageni wanajifungia wasiweze kutoka. Akasema, "Anaweza kuipitishia randa?" Nikamwambia hatashika randa, kifua chake si cha vumbi la mbao. Atakaa kwenye kiti, awaambie vijana wa hoteli wanakosea wapi. Kazi hiyo anaifanya vizuri kuliko binadamu yeyote niliyewahi kukutana naye. Akakubali. Nadhani alikuwa anaogopa nisije nikaanza kumsomea ubao wake kwa sauti mbele ya wageni.

Kitanda cha pili kimeshaingia. Tangu kiingie mlango haufunguki wote, utapita kwa ubavu, na begi ulilete dogo. Mashine zinawashwa alfajiri. Utazilaani siku mbili, ya tatu hutazisikia. Jioni ukitaka hewa tutatoka kwenye mapipa, ndani ya sweta, tukae tuwatukane wageni kwa sauti ya chini. Msimu wa mvua ukirudi, habari ya mimi kupanda huko milimani usiiguse. Nimeona ulivyoanza kuizunguka kwa ile hesabu yako ya miezi mizuri na miezi mibaya. Tutaongea ukiwa na pumzi za kubishana.

Usijibu barua hii. Panda basi. Ukifika, usipite mbele, watakuuliza maswali na kukupa juisi. Zunguka nyuma, geti la kijani, mwambie mlinzi umekuja kwa Bi Shuka. Sitakuja kituoni kukupokea, jua la mchana hapa, hata la kipupwe, si la mtu mwenye akili. Lakini ukikuta mwanamke mzee amekaa getini juu ya beseni lililopinduliwa, ni mimi, na nilikuwa napumzisha mguu tu. Msalimie, mwone alivyozeeka, mpe begi. Kuhusu chumba usifungue mdomo mpaka ulale humo usiku mmoja, chali, na uamke unapumua. Baada ya hapo kosoa unavyotaka.

Dada yako